Mifupa ya Ndege na Woga Wetu



Wapendwa waamini, wiki hii hatutaanza na masomo ya Dominika kama ilivyo desturi yetu. Tutaanza na karatasi ya mtihani.

Mwalimu mmoja wa sekondari, muumini wa parokia yetu, alitujia ofisini akiwa na karatasi ya majibu ya mtihani wa utamilifu wa kidato cha nne. Somo lilikuwa biolojia. Binti mwenye karatasi ile tunamfahamu: ni mwanakwaya, ni miongoni mwa wanafunzi bora wa shule yake, na tangu kidato cha kwanza amekuwa akisema kwamba atasoma sayansi. Maswali yote alikuwa ameyajibu vizuri, isipokuwa moja lililohusu mageuko ya viumbe. Hapo hakujibu swali. Aliandika, kwa mwandiko safi, kwamba yeye ni Mkristo na anaamini kuwa viumbe vyote vimeumbwa na Mungu. Akapata sifuri katika swali hilo. Mwalimu hakuja kulalamikia alama. Alikuja kuuliza kama kweli Kanisa Katoliki limekataza mada ile, maana binti alipoulizwa ni nani aliyemfundisha hivyo, alijibu kwamba alimsikia Padre kanisani.

Tulitaka kukana. Tuliwafikiria kwanza wahubiri wa mikutano ya hadhara wanaozunguka na vipaza sauti kutoka Lusahunga hadi Rusumo, tukazifikiria na video zinazosambaa katika simu za vijana wetu, tukasema moyoni kwamba kosa litakuwa huko. Lakini binti aliikumbuka Dominika yenyewe. Tulikuwa tukihubiri juu ya uumbaji, tukatia mzaha kidogo juu ya wasomi wanaojivunia kwamba babu yao ni nyani. Kanisa zima lilicheka. Nasi, kama wahubiri wote, tulifurahi kuona watu wamecheka, tukaendelea na mahubiri. Mzaha wa nusu dakika umemgharimu mtoto alama katika mtihani wa majaribio, na kama asingekuwapo mwalimu mwenye kujali, ungemgharimu katika mtihani wa Taifa.

Basi makala hii ni ya ubishi, na wa kwanza tunayebishana naye ni sisi wenyewe. Wa pili ni wale wote, walei na wakleri, wanaodhani kwamba kuogopa mifupa ya kale ni uchaji wa Mungu. Si uchaji. Ni woga, na woga huo unatugharimu zaidi ya tunavyodhani.

Tuchukue mfano ulio karibu na jiko. Siku ya shukrani ya mavuno waamini huleta kuku madhabahuni, na baadaye akina mama wa WAWATA huwatayarisha. Waulizeni akina mama hao juu ya mfupa wa bawa la kuku, ule wa juu unaoshikana na bega. Ukiuvunja hukuti uboho mwingi kama katika mfupa wa mbuzi. Ni mtupu na mwepesi, kama unyasi. Utupu huo una kazi yake. Mapafu ya ndege ni madogo na hayatanuki kama yetu, lakini yameunganishwa na vifuko vyembamba vya hewa vilivyotandazwa ndani ya mwili, na baadhi ya vifuko hivyo huingia hata ndani ya mifupa. Sisi hewa huingia na kutoka kwa njia ile ile. Kwa ndege, vifuko hivyo husukuma hewa ipite katika mapafu ikielekea upande mmoja tu, na kwa hiyo ndege hupata pumzi ya kuruka mbali na juu mahali ambapo sisi tungezimia. Katika karne ya 18 daktari mpasuaji John Hunter wa London alionyesha kwamba ndege aliyezibwa koo aliweza kuendelea kuvuta pumzi kupitia mfupa wa bawa uliokatwa. Jaribio hilo halikuwa la huruma, lakini lilithibitisha jambo.

Sasa wapo watu ambao wametumia maisha yao yote ya kazi kuuliza swali moja: pumzi ya namna hii ilianza lini, na kwa nani? Mmojawapo ni Mmarekani Patrick O'Connor, mtaalamu wa anatomia na wa visukuku, yaani masalia ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Mwaka 2005, yeye na mwenzake Leon Claessens walichapisha katika jarida la *Nature* utafiti ambao kwa upande mmoja uliangalia miili ya ndege wa leo, na kwa upande mwingine mifupa ya dinosaria mla nyama aliyechimbwa Madagaska. Walionyesha kwamba matundu na mashimo katika pingili za uti wa mgongo wa dinosaria yule yalikaa mahali pale pale ambapo vifuko vya hewa huingia katika mifupa ya ndege. Kwa maneno mengine, mtambo wa pumzi ya ndege ulikwishaanza kutengenezwa ndani ya wanyama wasiokuwa na bawa la kurukia. Tuongeze jambo ambalo wengi wenu hamkulitarajia: Claessens huyo alifundisha kwa miaka kadhaa katika Chuo cha Holy Cross huko Marekani, ambacho ni chuo cha mapadre Wajesuiti. Wajesuiti hawakumfukuza.

O'Connor hakuishia Madagaska. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, yeye na wenzake, wakishirikiana na wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamekuwa wakichimba katika Bonde la Ufa la Rukwa, kusini magharibi mwa nchi yetu. Humo walimpata mamba mdogo wa kale mwenye meno yaliyogawanyika kazi kama meno ya paka, wakamwita *Pakasuchus kapilimai*. Jina hilo lilichapishwa mwaka 2010. Sehemu ya kwanza ni neno letu wenyewe, paka. Ya pili inamheshimu marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2019 likachapishwa jina la mnyama mwingine, mkubwa, mla majani, ambaye mifupa yake ilionekana mwaka 2004 katika kingo za mto Mtuka: *Mnyamawamtuka moyowamkia*. Mnaosoma Kiswahili hamhitaji kutafsiriwa. Ni mnyama wa Mtuka, na pingili moja ya mkia wake ina umbo la moyo. Mwaka uliofuata, 2020, O'Connor na wenzake wakamtangaza *Falcatakely*, ndege wa Madagaska aliyeishi karibu miaka milioni 70 iliyopita, mwenye ukubwa wa kunguru na mdomo mrefu wa kina. Jiwe lenye fuvu lake lilikaa stoo kwa miaka kadhaa kabla mtu hajapata kujua lina nini ndani. Hiyo ndiyo subira ya kazi hii. Sisi tunachoka Litania ikirefuka.

Tunawasihi msiyasome haya kama habari za Wazungu. Katika Bonde la Olduvai, ambako wengi wetu tunajua tu habari za fuvu la mtu wa kale, kulikusanywa pia mifupa mingi ya ndege. Pierce Brodkorb wa Chuo Kikuu cha Florida, mtu aliyeandika orodha ya visukuku vya ndege wa dunia nzima kwa sehemu tano kati ya mwaka 1963 na 1978, aliichunguza mifupa hiyo pamoja na mama mmoja Mfaransa, Cécile Mourer-Chauviré. Mwaka 1984 walimtambua humo bundi wa aina ambayo haipo tena, wakampa jina la Leakey. Bundi! Ndege ambaye katika vijiji vyetu hupigwa mawe kwa kuwa eti ametumwa na wachawi, wenzetu wamempa jina na kumhifadhi kama hazina. Na kutokana na mifupa ya ndege wa majini iliyopatikana huko, wataalamu wanajua kwamba bonde lile, ambalo leo ni kame, lilikuwa na ziwa.

Laetoli nako, karibu na nyayo maarufu za watu zilizokanyagwa katika majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita, zipo nyayo za kanga. Ndiyo, kanga, huyu huyu ambaye vijana wa Ngara na Biharamulo humtega porini. Na mwaka 2005, Terry Harrison pamoja na Charles Msuya, Mtanzania, walichapisha uchunguzi wa vipande vya maganda ya mayai ya mbuni kutoka Laetoli. Kwa kuangalia vitundu vya hewa juu ya ganda waliweza kutofautisha mbuni wa tabaka la chini na mbuni wa tabaka la juu. Yule wa juu ni mbuni wa aina tuliyo nayo leo. Yule wa chini, wa kale zaidi, alikuwa wa aina nyingine, wakamwita *Struthio kakesiensis*, kwa kijiji cha Kakesio. Mabadiliko ya kiumbe yameandikwa juu ya ganda la yai, tabaka juu ya tabaka, katika ardhi ya Tanzania, na mmoja wa wawili walioyasoma ni Mtanzania. Ukweli huu ndio tuliomfundisha binti yetu kuukwepa.

Wapo watakaotuambia: Padre, umeanza kuhubiri sayansi badala ya Injili. Tunawajibu kwa mafundisho ya Kanisa lenyewe, maana ubishi bila mafundisho ni kelele. Mwaka 1950 Papa Pio XII, katika waraka *Humani Generis*, aliruhusu wataalamu wachunguze kama mwili wa binadamu ulitokana na viumbe hai vilivyotangulia, huku akishika kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Tarehe 22 Oktoba 1996 Papa Yohane Paulo II aliiandikia Akademia ya Kipapa ya Sayansi kwamba nadharia ya mageuko imekuwa zaidi ya dhana tu. Papa Fransisko alilirudia jambo hilo mbele ya Akademia ile ile mwaka 2014, akieleza kwamba mageuko ya viumbe hayapingani na imani katika Muumba. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba Maandiko yasomwe kwa kuzingatia aina ya uandishi wake, na kwamba mambo ya ulimwengu yana sheria zake zinazostahili kuchunguzwa kwa njia zake. Hapa hatuleti mafundisho mapya. Jipya labda ni kwamba Paroko wenu alikuwa ameyasahau akiwa mimbarini.

Na kabla ya mapapa hao wote, Mtakatifu Augustino, mwana wa Afrika, alipokuwa akikifafanua kitabu cha Mwanzo aliwaonya Wakristo wanaozungumza ovyo juu ya mbingu, nyota na wanyama mbele ya watu wasioamini lakini wenye ujuzi wa mambo hayo. Aliona aibu kubwa: wasioamini watatucheka katika yale wanayoyajua, kisha watatuaminije tunapowaambia habari za ufufuko wa wafu? Tangu Augustino aandike hivyo imepita miaka zaidi ya 1,600. Kila mwaka katika shule zetu za sekondari yupo kijana anayecheka kama Augustino alivyohofia. Mwingine hacheki. Huondoka tu kimya, akifika chuo kikuu haonekani tena kanisani, kwa sababu tulimwambia achague kati ya mfupa na Mungu, naye mfupa ameushika mkononi.

Ndugu zetu wanaohesabu siku sita za uumbaji kwa saa za ukutani, tunawauliza kwa heshima: siku tatu za kwanza zilipimwa na nini, ikiwa jua limeumbwa siku ya nne? Mwandishi mtakatifu hakuwa mjinga. Alijua anachofanya. Alipoweka ndege katika siku ya tano alikuwa akitufundisha kwamba ndege si miungu, kinyume cha majirani zake walioabudu mwewe na kipanga, na kwamba ni wa Mungu na ni wema. Hilo hakuna mfupa unaoweza kulikanusha.

Hatuwaachi salama wale wa upande wa pili. Yupo mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba sayansi imekwisha kumwondoa Mungu. Huyo naye ametoka nje ya somo lake. Mfupa wenye matundu unasema jinsi kiumbe alivyopumua. Hausemi kwa nini kuna kiumbe badala ya kutokuwa na kitu. Padre Teilhard de Chardin, Mjesuiti, alichimba visukuku kwa miaka mingi huku akiadhimisha Misa. Tunajua, na mlio na kumbukumbu nzuri mtatukumbusha, kwamba mwaka 1962 Roma ilitoa onyo juu ya maandiko yake. Onyo lile lilihusu falsafa na teolojia yake. Visukuku vyake havikuguswa.

Linabaki pingamizi ambalo kwetu ni zito kuliko yote, nalo halitoki katika Biblia bali katika umaskini. Mzazi mmoja alitwambia: Padre, hata kama si dhambi, inasaidia nini? Sisi tunatafuta maji na ada, wewe unatuletea ndege waliokufa. Hatuna jibu la kumfurahisha. Mwenye kusoma mifupa ya ndege pengine hatajenga ghorofa. Wala hatuwadanganyi kwamba mtavipata visukuku vya ndege mkichimba misingi ya nyumba. Miamba ya milima yetu ya Ngara, pamoja na ile yenye nikeli ya Kabanga, ina umri wa zaidi ya miaka milioni 1,000, na ile ya dhahabu ya Biharamulo ni ya kale zaidi. Ndege wa kwanza wanaojulikana wana miaka milioni 150 hivi. Miamba yetu ilikuwa mizee hakuna bawa lolote duniani.

Lakini mzazi huyo na atazame boma la Wajerumani lililosimama Biharamulo. Utawala uliolijenga boma lile ndio uliokuwa ukitawala Lindi wakati, kati ya mwaka 1909 na 1913, wataalamu wa Berlin walipochimba mijusi mikubwa ya Tendaguru. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilisafirishwa. Kutoka machimboni hadi bandari ya Lindi zilichukuliwa vichwani na mabegani mwa watu wetu, katika nchi ambayo ilikuwa bado na makovu ya vita vya Maji Maji. Msimamizi mmoja wa kazi hiyo, Boheti bin Amrani, alikuwa na jicho la kutambua mfupa kuliko wageni wengi. Jina lake lilingoja hadi mwaka 2007 ndipo mjusi mmoja akaitwa *Australodocus bohetii*. Mkuu wa msafara ule, Werner Janensch, aliandika mwaka 1947 juu ya mashimo ya hewa katika pingili za mijusi ya Tendaguru, akifananisha na yale ya ndege. Mnaona? Habari ya pumzi ya ndege, ambayo O'Connor na Claessens waliiendeleza, ilikuwa ndani ya mizigo ile. Babu zetu waliibeba vichwani bila kupewa nafasi ya kuisoma. Na katika makumbusho hayo hayo ya Berlin, pamoja na mjusi wetu aliyesimama kwa urefu wa zaidi ya mita 13, limehifadhiwa lile jiwe maarufu lenye ndege wa kale mwenye manyoya na meno, *Archaeopteryx*, aliyepatikana Ujerumani katika miaka ya 1870. Jiwe la kwao na mifupa ya kwetu, chini ya paa moja, vyote vya karibu umri mmoja.

Wakoloni ndio waliowazuia babu zetu wasisome. Binti huyu amezuiwa na nani? Shule ipo, mwalimu yupo, mada imo katika muhtasari wa serikali. Tuliomzuia ni sisi, kwa kicheko. Wanaodai mjusi arudishwe nyumbani tunawaunga mkono, lakini akirudi kesho atasomwa na nani, ikiwa watoto wetu tumewafundisha kuliacha swali lake wazi?

Dominika hii tutayaondoa maneno yetu pale pale tulipoyasema, mimbarini, katika Misa zote mbili na katika vigango tutakavyotembelea. Makatekista tumekwisha kuongea nao. Wawili hawakukubaliana nasi, nao tutaendelea kubishana kwa upendo. Binti tumemwomba radhi mbele ya wazazi wake. Alituuliza kama sasa anaruhusiwa kujibu swali lile. Tulimwambia si kuruhusiwa tu, anapaswa. Akauliza tena, polepole, kama ni kweli kwamba mbuni wa Kakesio anaonekana kwenye ganda la yai tu. Hatukuweza kumweleza zaidi ya tulivyoandika hapa.

Kwa sababu hiyo, Dominika ijayo baada ya Misa ya pili, mwalimu wa biolojia atakaa pamoja nasi katika ukumbi wa parokia na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne. Wazazi wanakaribishwa, hasa wenye hasira. Yeye ataleta kitabu chake, nasi tutaleta Katekisimu. WAWATA wameahidi kutupikia kuku wawili. Tumewaomba wasitupe mifupa ya mabawa.